Jinsi ya Kujiandaa Kuzamia Magofu ya Chini ya Maji Ukiwa Uganda

Mwongozo huu unamhusu mzamiaji anayeishi Uganda, mwenye cheti cha awali, anayetamani kuyaona magofu yaliyozama kama yale ya Baiae karibu na Napoli au ya Alexandria nchini Misri. Wengi huanza kwa kununua vifaa. Mimi humwanzisha mwanafunzi kwenye masimulizi ya mahali palipozama, kwa kuwa chini ya maji muda ni mfupi mno kwa mtu asiyejua anatafuta nini.

Hatua ya kwanza: ichambue hadithi ukiwa nchi kavu. Chukua daftari, uandike hadithi inataja mahali gani, maji yalitoka wapi, yalikuja kwa kasi gani na ni nini kilichobaki. Jizoeze kwa hadithi za hapa. Katika simulizi la Ziwa Mburo, Kigarama aliota kwamba hatari inakuja, akamsihi ndugu yake Mburo wahamie milimani. Mburo alikataa, bonde likafurika, naye akafa maji. Hadithi inataja bonde, watu na mafuriko, lakini haitaji ukuta wala mji, hivyo anayekwenda kutafuta kuta ameongeza jambo lake mwenyewe. (Ziwa lenyewe lina viboko na mamba, lisome tu, usilizamie.) Linganisha na maporomoko ya Bujagali, makao ya roho ya Budhagaali kwa Wasoga, ambayo yalifunikwa na maji ya bwawa la umeme mwaka 2011. Hapo imani imeshikamana na mahali halisi ambapo jicho haliwezi tena kupaona. Ndiyo maana sidharau hadithi yoyote kabla ya kuipima.

Hatua ya pili: fanya mazoezi ziwani kwa hesabu za ziwani. Ziwa Victoria liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa kanieneo ya hewa hapa ni ndogo kuliko pwani, majedwali ya kuzamia ya baharini (yanayoonyesha muda salama kwa kila kina) hayafai bila marekebisho: kina cha mita 18 kihesabiwe kama mita 20 au zaidi, na kompyuta ya kuzamia iwekwe kwenye mpangilio wa mwinuko. Maji yasiyo na chumvi huuelesha mwili kidogo kuliko ya bahari, kwa hiyo punguza kilo mbili au tatu za vizito vya risasi mkandani, kisha uzirudishe ukifika baharini. Ingia kutoka kwenye mashua, mbali na magugu ya ufukweni wanamokaa konokono wa kichocho, na ukapime hospitalini wiki kadhaa baadaye. Usizamie kamwe karibu na milango ya bwawa la umeme.

Hatua ya tatu: jifunze kuelea bila kugusa. Magofu mengi ya Baiae yako kwenye kina cha mita chache tu, na watu hudhani kina kifupi ni rahisi. Kinyume chake, karibu na uso wa maji hewa iliyomo kwenye koti la kuelea hutanuka na kusinyaa upesi zaidi, hata pumzi moja kubwa ikakuinua na nyingine ikakuangusha juu ya sakafu ya vijiwe vya rangi iliyodumu tangu enzi za Warumi. Katika bwawa la kuogelea, weka sahani sakafuni, uelee juu yake kifudifudi huku magoti yamekunjwa, na upige mapezi kwa mtindo wa chura ili usitibue tope. Rudia hadi sahani isitikisike.

Hatua ya nne: lihoji jiwe. Huko Yonaguni, Japani, mawe yenye ngazi na pembe yaliyogunduliwa mwaka 1986 yamegawanya wataalamu: mwanajiolojia Masaaki Kimura anayaona kuwa kazi ya binadamu, ilhali mwenzake Robert Schoch anasema ni mwamba uliopasuka wenyewe kwa mistari iliyonyooka. Binafsi naelekea upande wa Schoch. Pembe pekee haitoshi. Tafuta chokaa ya kujengea, alama za patasi, vigae, makaburi. Pavlopetri, mji uliozama nchini Ugiriki, uliotambuliwa na Nicholas Flemming mwaka 1967 kwenye kina cha mita tatu hadi nne, una mitaa, nyumba na makaburi, wala hauhitaji hadithi ya Atlantis, kisiwa kinachosimuliwa kuwa kilizama baharini, kuutetea. Piga picha, pima, usiokote kitu.

Hatua ya tano: panga safari ya kurudi kabla ya kuzamia. Baada ya siku kadhaa za kuzamia, subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, ili naitrojeni iliyobaki mwilini itoke kwanza, isije ikafanya mapovu hewa inapopungua kanieneo. Ukiwa umefanya mazoezi pwani ya Kenya na unarudi Kampala kwa basi kupitia Eldoret, usidhani umeepuka tatizo: barabara hupita Timboroa, takribani mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko mwinuko wa hewa ya ndani ya ndege ambao kanuni hiyo iliukusudia. Ongeza siku nzima ya kupumzika Mombasa kabla ya kukata tiketi.