Kamera ya safari ya bei ya kati: anza na lenzi, bodi baadae

Watu wengi wakitafuta kamera ya safari swali la kwanza ni megapikseli ngapi, na wauzaji wanalijua hilo ndo maana ile namba inaandikwa kubwa kwenye boksi. Kamera nyingi za bei ya kati siku hizi zina kama 20 mpaka 26, zinatosha kabisa, manake picha ya megapikseli 24 unaichapa upana wa nusu mita na inatoka safi. Na kama picha zako zinaishia Instagram ndo kabisa, hilo lisikuumize kichwa.

Angalia uzito. Kamera ya safari inashinda shingoni kutwa nzima, juani, kwenye ngazi, kwenye basi la kubanana, na ikikuchosha siku ya kwanza basi ya pili inabaki chumbani na wewe unapiga na simu, sasa hela ilienda wapi? Mi nasema bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, na lenzi kwa pamoja visizidi gramu 700 hivi. Sony a6400 bodi na betri ni gramu 403, Canon EOS R50 iko kwenye 375, ukifunga lenzi ndogo bado unadunda. Zile DSLR za zamani zenye kioo ndani zinapiga vizuri tu na betri zake zinakaa sana, ila ni mzigo.

Sensa nayo, yaani kile kibapa kinachopokea mwanga, ukubwa wake una maana kuliko megapikseli, kikiwa kikubwa picha za jioni hazijai chenga. Sensa kubwa, ile ya fuli fremu, ni milimita 36 kwa 24, tamu sana lakini bodi na lenzi zake bei inapanda na begi linajaa. Inayofuata kwa udogo, APS-C, ni kama 23.5 kwa 15.6 na kwa safari hapo ndo mahali pake. Kuna vikamera vya mfukoni vya sensa ya inchi 1, sio vibaya mchana, usiku vinahangaika.

Sasa lenzi, hapa usiwe na haraka. Ukinunua bodi ya Nikon umeoa ukoo mzima wa lenzi za Nikon, kwahiyo kabla hujalipa kaangalie lenzi unazozitaka zipo na unaziweza. Sigma na Tamron wanatengeneza pia ila sio kila lenzi yao inaingia kila kamera. Ile inayokuja na boksi, mfano 16-50 (hizo ni milimita za lenzi, namba ndogo inaona upana, kubwa inavuta mbali), kwa majengo na vichochoro iko sawa, tatizo lake giza, ukivuta zumu mpaka mwisho inafika f/5.6 au f/6.3 (f ni kipimo cha tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), wakati lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6, ukiwa ndani ya jengo au mtaani usiku utaelewa. Ningeambiwa nichague ningebeba 18-135 ya kuzungukia mchana na 35 ndogo ya f/1.8 ya jioni, basi. Wanaofuata wanyama na ndege wao waanzie 200 kwenda juu na wakubali kubeba. Zumu ya dijitali usiihesabu, ile ni kukata picha tu.

Kizuia mtikisiko, kiwe kwenye bodi au kwenye lenzi, ni kizuri, ila kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mtu anayetembea.

Betri za hizi kamera zisizo na kioo nyingi zinakadiriwa picha kama 300 hadi 400 kwa chaji moja kwahiyo nunua ya akiba, na kwenye ndege betri za akiba zinakaa kwenye begi la mkononi sio la kukabidhi. Hakikisha inachaji kwa USB-C, hapo chaja ya simu inakuokoa.

Halafu kaishike. Vidole vinafika kwenye vitufe? Unavaa miwani, unaona vizuri kwenye tundu la kuchungulia? Kama ni mtumba, uliza imepiga picha ngapi, mulika tochi ndani ya lenzi utafute ukungu, piga ukuta mweupe kwa f/16 ukuze picha uangalie madoa ya sensa, na jaribu kila kitufe kabla hela haijatoka mfukoni.