Namna ya Kujinasua Unapohisi Umekwama

Mtu aliyekwama aghalabu hana upungufu wa akili wala wa bidii. Kinachomlemea ni mambo mengi yaliyofungamana kiasi kwamba hajui aanze kushika lipi. Kodi ya nyumba haijalipwa kwa sababu kazi haijapatikana, kazi haipatikani kwa sababu maombi hayajatumwa tangu mwezi uliopita, na maombi hayaandikwi kwa sababu kila akishika kalamu huikumbuka kodi. Njia ninayoieleza hapa ya kulifungua fundo la namna hiyo imejaribiwa barani kwetu, katika jiji la Harare.

Mwaka 2006 Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza kazi na akina bibi 14 wa Mbare, mtaa wa jiji hilo, ambao walifundishwa kuketi na watu waliolemewa na mawazo kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Washona, kabila kubwa la Zimbabwe, huiita hali hiyo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Katika lugha yao kufunga ni kuwaza, lakini Mswahili anayelisikia neno hilo hawezi kuacha kufikiria fundo, nami naona maana zote mbili zinaafikiana vizuri. Utafiti uliofanyika katika kliniki 24 za jiji hilo na kuwahusisha watu 573, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia vikao vya benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Anza kama wanavyoanza akina bibi hao, kwa kufungua mawazo. Chukua karatasi uandike kila kinachokusumbua, kikubwa na kidogo, bila kupanga na bila kujihukumu: deni la dukani, cheti kilichopotea, ugomvi na kaka yako, tasnifu iliyosimama katika sura ya tatu. Usiharakishe, kwa maana jambo linalozunguka kichwani huonekana halina mwisho, ilhali likiandikwa huonekana lina ukubwa wake.

Kisha chagua moja tu. Wengi hukosea hapa kwa kulivamia lililo kubwa kuliko yote, wakashindwa, wakarudi walipokuwa wakiwa wamevunjika moyo zaidi. Chagua lile ambalo wewe mwenyewe unaweza kulisogeza wiki hii, kisha uliseme kwa namna inayoonyesha kazi ya kufanya. “Sina maisha” ni kilio cha haki, lakini hakikuelekezi pa kwenda. “Sina barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, na bila hiyo siwezi kuomba mkopo” kunakuonyesha mlango wa kubisha. Orodhesha njia zote unazoweza kuzifikiria, hata zile zinazoonekana dhaifu, ndipo uteue mojawapo na kuipa siku, saa na mahali: Jumanne saa tatu asubuhi, nikishamfikisha mtoto shuleni, nitapitia ofisi ya mtaa. Usingoje hamu ikujie kwanza, kwa sababu kwa mtu aliyekwama hamu mara nyingi huja baada ya kazi kuanza.

Tafuta pia wa kukusikiliza, maana akina bibi wale hawakumwachia mtu karatasi akahangaike peke yake. Anaweza kuwa shangazi, jirani au mwenzako wa kikoba, ilimradi awe mtu anayeuliza kabla ya kushauri na asiyetoa siri nje. Mweleze hatua uliyoichagua na siku utakayomrudia. Kujua kwamba kuna atakayekuuliza “ilikuwaje?” kuna nguvu ambayo ahadi ya kimoyomoyo haina.

Hata hivyo, karatasi na msikilizaji havitoshi kwa kila hali. Iwapo huzuni au kutojali kumedumu kwa wiki mbili au zaidi karibu kila siku, usingizi na hamu ya chakula vimevurugika, na mambo uliyoyapenda hayakugusi tena, nenda kituo cha afya ukaeleze hivyo hivyo ilivyo. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, usisubiri wiki mbili. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, akupeleke hospitali.

Siku ya kumrudia msikilizaji wako ikifika, nenda hata kama hukufanikiwa. Pengine ofisi ilifungwa, au ulifika mlangoni ukaingiwa na woga. Chunguzeni pamoja ni nini hasa kilichozuia, kisha mpunguze hatua hadi ifanyike: badala ya kwenda peke yako, nenda na mtu, au anza kwa kumpigia simu mjumbe. Ikiwa barua imepatikana, toeni karatasi ile ile, mlikate jambo hilo kwa mstari, na mchague la pili.