Punguzo la kodi kwa sola ya nyumbani Marekani: namna ya kulidai kwa Fomu 5695

Anza na tarehe, maana ndiyo inayowakwamisha wengi. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imelifuta punguzo hili kwa gharama za baada ya Desemba 31, 2025. Na mamlaka ya kodi, IRS, haiangalii siku uliyolipa bali siku fundi alipomaliza kufunga mtambo. Ukilipa pesa zote Novemba 2025, paneli zikapanda juu ya paa Januari 2026, huna chako. Mitambo iliyokamilika kuanzia 2022 hadi mwisho wa 2025 inapata asilimia 30 ya gharama.

Halafu soma mkataba. Mtambo lazima uwe mali yako, hata kama umeununua kwa mkopo. Ukikodi paneli, au ukiwa unanunua umeme wake tu, anayestahili ni kampuni inayoumiliki mtambo. Wauzaji wanaopiga hodi mlangoni hupenda kuipita sehemu hii mbio mbio. Mwenye nyumba anayeipangisha na haishi humo hahusiki.

Kusanya ankara na risiti. Paneli, nyaya na ujira wa ufundi vinahesabiwa; betri pia, kuanzia 2023, ikiwa na uwezo wa angalau kilowati-saa 3. Paa jipya la kawaida halimo, hata likiandikwa kwenye ankara hiyo hiyo, kwa hiyo mwombe fundi atenganishe bei. Kama shirika la umeme lilikupa ruzuku ya kununulia mtambo, itoe kwanza kwenye gharama.

Ndipo ujaze Sehemu ya Kwanza ya Fomu 5695, uhamishie jibu kwenye Jedwali la 3 la Fomu 1040, ambayo ndiyo ritani yako, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, uwasilishe zote pamoja.

Usitarajie hundi ya asilimia 30. Punguzo hili hukata kodi unayodaiwa, basi. Mtambo wa dola 24,000 unakupa dola 7,200. Kodi yako ya mwaka ikiwa dola 5,000, inafutika, na dola 2,200 zinazobaki unazihamishia mwaka unaofuata kwenye fomu hiyo hiyo. Nakala ya fomu itunze.

Uliyefunga sola 2023 na hukudai, tumia Fomu 1040-X kurekebisha ritani. Kwa kawaida una miaka 3 tangu ulipoiwasilisha: ritani ya Aprili 2024, mwisho ni Aprili 2027.