Gari limechoka: ulitengeneze au uliage?

Ulipeleka gari gereji huku ughaibuni kwa sababu ya mlio mdogo tu upande wa mbele. Jioni fundi anakupigia simu na kukusomea orodha ndefu kama risala: bushi, shokapu, pedi za breki, sailensa, oili inavuja. Jumla yake inakaribia bei ambayo ungepata ukiliuza gari lenyewe. Hapo wengi husema basi, limekwisha. Subiri kidogo.

Kupima bili kwa thamani ya gari kunapotosha. Gari la miaka 14 sokoni halina bei ya maana, kwa hiyo karibu kila tengenezo litaonekana ghali. Jiulize hivi: hela hizi zitaninunulia miezi mingapi ya kuendesha bila wasiwasi, na miezi hiyohiyo ingenigharimu kiasi gani kwa gari jingine? Tuseme bili ni 1,200 kwa fedha ya huko uliko, na fundi unayemwamini anaona gari litasukuma mwaka mzima. Hiyo ni 100 kwa mwezi. Sasa weka kando yake rejesho la mkopo wa gari jipya, pamoja na bima kubwa ambayo mkopeshaji huidai. Mgeni ambaye hajajenga historia ya mikopo hupigwa riba ya juu zaidi. Na ukikimbilia gari jingine lililotumika, nalo lina maradhi yake, ila hujayajua bado.

Halafu tazama ni ugonjwa gani. Breki, tairi, betri, shokapu na alteneta ni vitu vya kulika. Ungevilipia kwenye gari lolote. Mkanda wa taimingi, unaoendesha valvu za injini ziende sawa na pistoni, unataka hela zaidi, lakini usiupuuze: injini nyingi mkanda ukikatika, valvu hugongana na pistoni na injini imekufa. Watengenezaji wengi huagiza ubadilishwe baada ya kilomita 100,000 hadi 160,000 hivi. Pampu ya maji ikiwa inazungushwa na mkanda huo, ibadilishe hapohapo, maana kazi ya kufungua ni ileile.

Kinachoua magari ya nchi za baridi ni kutu, kwa kuwa barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Kutu ya mlangoni ni aibu tu. Kutu ya chesisi, ya mabomba ya breki, au ya pale shokapu inaposhikia bodi ni habari nyingine. Mwambie fundi alinyanyue gari, usimame chini yake uone kwa macho yako. Bisibisi ikizama kwenye chuma, acha kulitilia hela.

Dalili nyingine ya kuagana ni gasketi ya silinda hedi (kizibo cha kati ya kichwa cha injini na bloku) kuungua: maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja nje, oili imegeuka rangi ya maziwa, moshi mweupe hauishi hata injini ikishapata moto. (Mvuke mweupe wa dakika chache asubuhi ya baridi ni kawaida. Mimi mwaka wa kwanza niliuogopa nikazima gari, nikapanda basi.) Giaboksi ya otomatiki inayoteleza nayo mara nyingi haistahili gharama kwa gari la umri huo.

Taa ya injini ikiwaka, usikubali kununua kipuri siku hiyohiyo. Kompyuta ya gari hutoa namba inayoonyesha eneo la tatizo, si kifaa kilichoharibika. Namba inayolaumu katalisti ya kusafisha moshi, kwa mfano, inaweza kuletwa na bomba la moshi lililotoboka au kihisi cha oksijeni. Omba makadirio kwa maandishi, umwombe fundi ayagawe mafungu matatu: la hatari sasa hivi, la kabla ya miezi sita, na linaloweza kungoja. Kisha yapeleke kwa fundi wa pili. Si kumtukana wa kwanza. Wenyeji hufanya hivyo kila siku.

Ukaguzi wa serikali ukikaribia, utangulize kabla ya matengenezo. Uingereza gari likitimiza miaka 3 hukaguliwa kila mwaka, na historia ya ukaguzi huo huonekana bure mtandaoni kwa namba ya gari. Ujerumani gari binafsi hukaguliwa kila baada ya miaka 2. Orodha ya yaliyoshindwa itakuonyesha pa kuanzia.

Wazo la kulipeleka nyumbani pia hutujia sote. Kenya haipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na inataka gari lenye usukani wa kulia. Gari linalokufikirisha hivi huenda limeshapita umri huo.

Ukiamua kuliaga, uliza bei kwa wanunuzi wa chakavu wasiopungua wawili. Katalisti ina madini ghali ya platinamu, paladi na rodi, kwa hiyo anayekwambia atakusaidia kuliondoa bure anajua anachokichukua. Siku hiyohiyo ijulishe mamlaka ya usajili, ukate bima, uhifadhi risiti. Jina lako likibaki kwenye karatasi, faini za mtu mwingine zitakuja mlangoni kwako.