Mzee amelazwa na chanzo hakionekani? Anza na mfuko wa dawa

Wenye wazazi wodini kwenye hospitali za Ligula, Sokoine au Ndanda, huku Mtwara na Lindi: vipimo vikirudi safi na mzee bado anazidi kudhoofika, mtumeni mtu nyumbani akusanye kila anachomeza. Kila kitu. Dawa za presha, vidonge vya mgongo vya dukani, mizizi ya kuchemsha, hata pakiti tupu iliyosahaulika chini ya godoro. Diklofenaki (dawa ya maumivu) ya kila siku inaweza kuumiza figo taratibu, na baadhi ya dawa za presha zinazokojoza hushusha chumvi ya damu hadi mzee analegea na kuanza kuropoka. Ila msimwachishe wenyewe. Mpelekeeni daktari huo mfuko.

Halafu raundi ya asubuhi awepo anayeishi naye, siyo mwana aliyeshuka jana na basi la Dar (hata kama ndiye anayelipa). Huyo wa nyumbani ndiye atakayesema, "Daktari, mwezi uliopita baba alikuwa anaokota korosho mwenyewe, leo jina langu halijui." Kauli hiyo ina uzito kuliko "amechoka tu", maana kuchanganyikiwa kwa ghafla si uzee. Huenda ni maambukizi, sukari kushuka, upungufu wa maji, au mkojo kushindwa kutoka.

Wekeni daftari moja kitandani: amekula nini, amekojoa mara ngapi, usiku kalalaje. Ndugu wakipokezana zamu bila daftari, kila mmoja humwambia nesi lake. Na mleteeni miwani yake. Asiyeona vizuri huzidi kuchanganyikiwa giza likiingia.