Una leseni ila unaogopa kutoka na gari peke yako? Fanya hivi

Nimetoka kumsaidia mdogo wangu, leseni anayo ila gari ilikuwa imelala tu nje sababu hawezi kutoka bila mtu pembeni. Haya ndo tuliyofanya. Ni kwa gari ya klachi, wa otomatiki ruka namba 4.

1. Njia ipange ukiwa bado nyumbani. Chukua barabara uliyozoea kupita na mwalimu, asubuhi mapema siku ambayo watu hawaendi kazini, mvua isiwepo. Ramani ya simu siku ya kwanza mimi siitaki kabisa, inakuambia kata kona wakati bado unahangaika na gia. Simu sailenti, itupe siti ya nyuma.

2. Siti, vioo, mkanda. Hakikisha tu ukikanyaga klachi mpaka chini goti linabaki limekunjika kidogo.

3. Jisemee kwa sauti. "Yule anataka kuvuka, naachia mafuta." "Kioo, indiketa, naingia." Mwalimu hayupo wa kukushtua, na ukiwa unataja unachokiona macho yanaenda mbali yenyewe, maana mtu mwenye woga anakodolea boneti tu.

4. Kuondoka mlimani. Hapa ndo wengi wanakwama, usipaharakishe. Taa nyekundu, umesimama kwenye kilima, wa nyuma amekubana, na ukiachia breki gari inarudi. Wengi wanafundishwa kuruka mguu haraka kutoka breki kwenda mafuta. Kwa mtu mgeni mimi naikataa hiyo njia, tumia handibreki.

Vuta handibreki, klachi chini, gia namba 1. Tia mafuta kidogo mpaka injini ingurume, halafu mguu wa mafuta utulie hapo hapo. Sasa inua klachi taratibu sana. Utasikia mlio wa injini unashuka na pua ya gari inanyanyuka kidogo, HAPO mguu wa klachi usimame. Usiongeze, usipunguze. Hapo injini ndo inalishikilia gari, angalia vioo, shusha handibreki, gari haitarudi. Ongeza mafuta kidogo na klachi iendelee kuja polepole. Wengi wanazima hapa, handibreki ikishuka tu wanaachia klachi yote kwa mara moja.

Ikianza kurudi au ikizima, kanyaga breki na klachi pamoja, vuta handibreki, washa kama imezima, anza upya. Honi za nyuma waache wapige, hakuna sheria inayokutaka uondoke kabla gari haijawa tayari.

Usilishikilie gari kwa klachi taa nzima, klachi inaungua, ukisikia harufu ya kuungua ujue ndo hiyo. Gari nyingine handibreki ni kitufe na nyingine zinashika breki zenyewe kama sekunde 2 hivi baada ya kuachia pedali, so jua ya kwako inafanyaje kabla hujaingia barabarani. Na wewe ukiwa nyuma ya mtu kilimani acha nafasi uone matairi yake yanapogusa lami, naye anaweza kurudi.

Fanyia mazoezi kilima kidogo kisicho na magari, rudia rudia mpaka mguu ujue wenyewe pa kusimama. Mdogo wangu alipolipata hili ndo akaanza kuomba funguo mwenyewe.

5. Umbali. Wa mbele akipita nguzo, hesabu sekunde 2 kabla hujafika hapo, mvua ikiwepo zidisha mara mbili. Ukiwa 60 kwa saa gari inakula karibu mita 17 kila sekunde, so ukimsogelea sana hata breki nzuri haikuokoi. Wa nyuma akikusukuma usiongeze mwendo, mwachie aovateki.

6. Kupaki: paki mbali, penye nafasi, utembee kwa miguu.

Kesho yake toka tena, njia ile ile. Barabara kubwa ziongeze moja moja, na usiku uwe wa mwisho kabisa.