Kusafisha choo cha ofisi bila kupoteza dawa

Dawa nyingi hupotea kwa kukosea mpangilio: inapakwa juu ya uchafu, inafutwa papo hapo, halafu inalaumiwa dawa.

1. Vaa glavu, fungua madirisha. Vuta maji, kisha zungushia sabuni ya choo chini ya ukingo wa beseni na uiache hapo ilainishe madoa. Soma lebo kwanza. Sabuni za kutoa ukoga wa chokaa mara nyingi zina asidi, na asidi ikikutana na klorini hutoa gesi inayochoma mapafu. Usithubutu kuzichanganya.

2. Changanya klorini nje ya choo. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 5, tia mililita 20 katika mililita 980 za maji baridi. Unapata lita 1 yenye asilimia 0.1. Maji ya moto huidhoofisha. Pima kwa kikombe chenye alama, na changanya ya siku hiyo tu.

3. Sabuni hutangulia. Futa vitasa, swichi, koki na kitufe cha kuvutia maji kwa maji ya sabuni, kisha suuza. Klorini huishia kupambana na uchafu ikiukuta, vijidudu vikabaki. Kunja kitambaa nusu, halafu nusu tena: una nyuso 8. Kila uso ukichafuka, geuza. Ukikirudisha kwenye ndoo, umeuchafua ule mchanganyiko wote.

4. Sasa klorini. Sehemu ibaki imelowa kwa muda ulioandikwa kwenye lebo. Ikikauka mapema, lowesha tena. Koki za chuma zisuuzwe baadaye, maana klorini huzila.

5. Rudi kwenye beseni, sugua hadi chini ya ukingo, vuta maji mara 2. Hapo ndipo kiti kifutwe, juu kwanza, chini mwisho, kwa kitambaa kisichotoka humo chooni kwenda kwingine.

6. Fagia, ndipo upige deki kutoka kona ya mbali ukirudi kinyumenyume mlangoni. Tumia ndoo 2, ya sabuni na ya kusuuzia mopu. Sakafu ikinata baada ya kukauka, sabuni ilizidi. Kuiongeza ni kuzidisha tatizo. Deki kwa maji matupu.

Mopu ifuliwe, ikamuliwe, itundikwe ikauke. Iliyolala ndani ya ndoo ndiyo inayonukisha choo kesho asubuhi.